Lenzi za mseto kwa mwenye keratokonasi: mwongozo kwa tunaoishi Nyanda za Juu Kusini

Ukisimama Mafiati, hapa Mbeya, saa moja usiku ukaona lori moja lina taa sita, na kila taa imeota mkia kama kimondo, huenda shida si lori. Mimi nilisingizia uchovu wa kusahihisha madaftari. Nikabadilisha miwani mara tatu ndani ya miaka miwili, namba ikipanda kila safari, na kila safari nikitoka dukani naona afadhali kuliko jana lakini ubaoni bado namba 3 na namba 8 zinafanana. Mwalimu wa hisabati asiyetofautisha 3 na 8, hebu fikiria.

Ugonjwa unaitwa keratokonasi. Konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, unakuwa mwembamba na kuchongoka mithili ya pia, wakati ulipaswa kuwa na mviringo mzuri. Miwani ya kawaida hunyoosha mwanga unaopinda kwa mpangilio. Huu hupinda ovyo, ndiyo maana miwani hufika mahali ikashindwa. Hapo ndipo lenzi huingia. Ninayovaa mimi, jicho la kulia, ni ya mseto, au haibridi kama wanavyosema kliniki, na huu ni mwaka wa tano. Mimi si daktari. Ninaishi Uyole, na ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijakata tiketi ya kwanza ya basi.

Hatua ya kwanza: ujue kama ugonjwa bado unatembea

Watu huanza kwa kuuliza bei. Anza na swali hili: konea imesimama, au bado inachongoka? Keratokonasi mara nyingi huanza umri wa balehe, hukimbia ujanani, kisha hupunguza mwendo mtu akiwa kwenye miaka ya 30 na kuelekea 40. Lenzi haizuii chochote katika hayo. Inakupa kuona tu. Ukivaa lenzi nzuri juu ya konea inayoendelea kuharibika, baada ya mwaka lenzi haikai tena na fedha imekwenda.

Anzia kitengo cha macho cha hospitali ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kama uko karibu. Mpimaji mzoefu anaweza kushuku ugonjwa huu kwa kifaa kidogo cha kumulika kiitwacho retinoskopu: mwanga unaorudi kutoka jichoni hufunguka na kujifunga kama makali ya mkasi. Lakini uthibitisho hutoka kwenye topografia, yaani ramani ya konea, picha yenye rangi kama ramani ya vilima, nyekundu ikiwa palipochongoka. Kwa hiyo mara nyingi utapewa rufaa. Vituo vikubwa vya macho ambavyo watu wa huku hutumwa ni Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, au KCMC Moshi. Piga simu kabla ya kusafiri, uulize mambo mawili tu: mashine ya topografia inafanya kazi wiki hii? Na yupo mtaalamu wa kupima lenzi za keratokonasi? Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Hizo si za kwenda kuambiwa urudi Jumatatu.

Ukipimwa, dai nakala ya ramani hiyo. Iweke kwenye faili pamoja na hati ya kiwanja. Utapimwa tena baada ya miezi kadhaa, na kwa kijana wa sekondari mapema zaidi, na ni kwa kulinganisha ramani mbili ndipo inajulikana kama ugonjwa unatembea.

Ukiwa unatembea, daktari atakueleza kuhusu krosilinki. Konea hutiwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno ili nyuzi zake zishikane na kukaza. Njia hii ilianzia Dresden, Ujerumani, na matokeo yake ya kwanza kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003. Utaratibu wa awali ulikuwa nusu saa ya matone na nusu saa ya mwanga. Kazi yake ni kuusimamisha ugonjwa. Hairudishi konea ilivyokuwa, na wengi bado watahitaji miwani au lenzi baadaye. Kama inahitajika, ifanyike kwanza, jicho lipone, ndipo daktari aruhusu kupima lenzi.

Na acha kufikicha macho. Najua. Vumbi la mwezi wa nane, moshi wa kuni, kisha macho yanawasha mpaka unatamani kuyang'oa. Lakini kufikicha kunahusishwa moja kwa moja na ugonjwa huu kuanza na kuendelea. Weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, na mwombe daktari dawa ya mzio. Usijinunulie matone dukani kwa sababu yalimsaidia jirani: mengi yanayotuliza macho haraka yana deksamethasoni au dawa nyingine ya jamii hiyo ya steroidi, na ukiyatumia muda mrefu bila kuangaliwa yanaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho. Utakuwa na magonjwa matatu.

Hatua ya pili: ielewe lenzi kabla ya kuilipia

Iweke kwenye ncha ya kidole uitazame. Katikati pana duara gumu linalopitisha oksijeni, na kulizunguka pana ukingo laini wanaouita sketi. Kwa aina inayojulikana sana, sehemu ngumu ina kipenyo cha milimita 8.5 na lenzi nzima milimita 14.5. Konea ya mtu mzima ina upana wa takriban milimita 12, kwa hiyo sketi inaifunika yote na kupita kidogo kuingia kwenye weupe.

Mantiki yake ni rahisi. Lenzi laini peke yake ikiwekwa juu ya pia hujikunja ikafuata umbo la pia, na mwanga unaendelea kupinda ovyo. Lenzi ngumu haijikunji: machozi hujaza nafasi iliyo chini yake, na mwanga unakutana na uso mpya ulio laini na sawa. Ila lenzi ndogo ngumu peke yake hukwaruza, huchomoka, na chembe moja ya vumbi ikiingia chini yake utasimama katikati ya barabara ukitokwa machozi. Sketi huishikilia lenzi mahali pake na kuzuia sehemu kubwa ya vumbi. Kwa mtu anayepanda bodaboda kutoka Sae hadi Mwanjelwa kila asubuhi, hilo si jambo dogo.

Ubaya upo pia. Lenzi za namna hii za miaka ya 1980 zilibana pumzi ya jicho na kuchanika pale sehemu ngumu inapokutana na laini. Mwaka 2005 kampuni ya SynergEyes ya Marekani ilileta kizazi kipya, na za sasa hupitisha oksijeni vizuri zaidi, lakini ule mshono bado ndipo mahali pa kuogopa. Ni ghali, hazikai miaka mingi (nyingine hubadilishwa kila miezi 6), na hazimfai kila mtu. Konea iliyochongoka sana mara nyingi huhitaji lenzi ya sklera, ile pana inayotua kwenye weupe wa jicho bila kugusa konea kabisa. Mtaalamu akikwambia yako ni ya sklera, usibishane naye kwa sababu umesoma mwongozo wa mwalimu wa Uyole.

Hatua ya tatu: siku ya kupimwa

Kama tayari unavaa lenzi ngumu, uliza uache kuzivaa kwa siku ngapi kabla ya kupimwa, kwa kuwa hubonyeza konea na ramani ikatoka ya uongo. Nenda na miwani yako ya zamani yote, hata iliyovunjika mkono.

Utavishwa lenzi za majaribio. Mpimaji hutia rangi ya njano inayong'aa kijani chini ya taa ya bluu, aone sehemu ngumu imeiruka ncha ya pia bila kuigusa, na sketi imetua pande zote bila kubana. Ukae nayo angalau nusu saa kabla hajatoa hukumu, maana lenzi hushuka inapozoea jicho. Kisha yako huagizwa nje, na lazima usubiri.

Lenzi ya kwanza mara nyingi si ya mwisho. Hilo ndilo linalowavuruga watu wa mikoani: mtu amepanga nauli ya safari mbili, inahitajika ya tatu na ya nne. Kwa hiyo uliza, na uandikiwe kwenye karatasi: bei hii ni ya jicho moja au mawili? Ikibidi kubadilisha vipimo ndani ya miezi ya mwanzo nalipa tena? Ikichanika? Kama una bima, waulize wenyewe wa bima kabla, usitegemee neno la mtu wa mapokezi.

Sasa sikia yaliyonipata. Kliniki niliyokwenda, mhudumu alinifundisha kuvaa vizuri kabisa. Kuvua akanivulia yeye, sekunde mbili, akasema, "Utazoea, mwalimu." Siku ya kuchukua lenzi nikatoka nayo jichoni moja kwa moja hadi stendi. Nilikuwa nimekata tiketi ya kuishia Makambako, kwa dada yangu. Tumepanda kona za Kitonga giza limeshaingia, jicho limeanza kuchoka. Kufika, nikakaa mbele ya kioo na taa ya simu, dada ameshika beseni, na lile lidude halitoki. Vidole vimelowa machozi, vinateleza. Saa nzima. Dada akauliza kwa upole kama tumwite mganga wa zahanati au fundi wa vioo. Ilitoka saa sita kasoro, baada ya kukata tamaa, kujifuta mikono kwenye kanga na kujaribu mara ya mwisho na vidole vikavu. Vidole vikavu! Hiyo ndiyo siri yote, na hakuna aliyenitajia.

Kwa hiyo usipande basi kabla hujaivua mwenyewe, mbele yao, mara tatu mfululizo. Wakiangalia saa, wewe kaa.

Hatua ya nne: kuvaa

Nawa mikono kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato makali, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Na hapa pana kosa la watu wa baridi: asubuhi ya mwezi wa sita sote tunajipaka mafuta mazito mpaka kwenye viwiko. Jipake baada ya kuvaa lenzi, si kabla. Mafuta yakishika lenzi, utaona ukungu kutwa nzima na utadhani ni wa Tukuyu. Vivyo hivyo kama ulikata pilipili jana jioni, usiiamini sabuni peke yake. Kwangu mimi, siku ya pilipili anayekata ni mwanangu.

Weka kioo mezani kikiwa kimelala, na taulo safi chini yake. Anza na jicho lile lile kila siku ili usichanganye kulia na kushoto.

Simamisha lenzi juu ya vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, kama mafiga yanavyobeba chungu. Sketi isiwe imegeuka ndani nje. Ikiwa imegeuka, kingo zake hutanuka kama sahani badala ya kusimama kama bakuli. Jaza bakuli hilo maji ya chumvi yasiyo na dawa ya kuhifadhia, mpaka juu. Kwenye baridi ya Uyole maji hayo jichoni ni kama barafu ya Kitulo; kumbatia chupa kwapani dakika chache kwanza. Usiipashe jikoni.

Inama mpaka uso uwe sambamba na meza, pua inaangalia kioo. Mkono wa pili ushike kope zote mbili, ya juu na ya chini, uzitanue kweli kweli. Panda na lenzi taratibu ukiwa unaitazama katikati, mpaka maji yaguse jicho na yamwagike. Usisite hapo. Sukuma kidogo ikae, achia kope ya chini kwanza, kisha ya juu.

Tazama kwenye kioo. Ukiona povu la hewa katikati, vua, jaza tena, rudia. Povu haliondoki kwa kupepesa, na ukiliacha litakukausha konea na kukupa maumivu mchana. Siku ya kwanza vaa kwa muda wa saa 4 hivi, kisha ongeza kidogo kila siku kwa ratiba uliyopewa.

Hatua ya tano: kuvua

Mikono iwe mikavu. Kama jicho limekauka, na huku kiangazi hukauka, tia matone mawili ya kulainisha, pepesa, subiri dakika chache mpaka lenzi icheze ukiisukuma kidogo. Kisha kausha vidole tena, na uguse pia kope ya chini kwa kitambaa ili isiteleze.

Angalia juu. Kwa gumba na shahada, bana sketi sehemu ya chini kabisa, pale ambapo mshale wa saa ungeonyesha 6. Bana laini, si gumu. Sketi itakunjika, hewa itaingia, lenzi itaachia. Usiikwangue kwa kucha, na usitumie kile kikombe cha mpira cha kunyonyea katikati ya lenzi isipokuwa mtaalamu wako mwenyewe amekuonyesha. Kuvuta kwa nguvu katikati wakati sketi imeshika ndiko kunakochana mshono.

Lenzi ikiwa kila jioni ni vita kuitoa, au ikiacha alama ya duara kwenye weupe, inabana. Hiyo hairekebishwi kwa ujasiri. Piga simu.

Hatua ya sita: kusafisha

Mtaalamu atakutajia dawa moja ya kusafishia inayofaa sehemu zote mbili, laini na ngumu. Ishike hiyo. Dawa za lenzi ngumu pekee zinaweza kuharibu sketi. Mimi natumia ya peroksaidi: lenzi inalala kwenye kopo lake lenye kidude cha kuizimua, muda usiopungua saa 6, na asubuhi inakuwa salama. Kabla haijazimuliwa ni moto. Usiitie jichoni, na usihamishie lenzi kwenye kopo jingine kwa sababu lako limepotea.

Maji ya bomba, hapana. Ya kisima, hapana. Ya mlimani yanayong'aa kama kioo, hapana. Yaliyochemshwa, ya mvua, ya chumvi uliyokoroga mwenyewe, mate, yote hapana. Ndani ya maji na udongo huishi kijidudu kiitwacho akanthamiba, na kikishika konea ya mvaa lenzi tiba yake ni ya miezi na jicho linaweza kupotea. Vua kabla ya kuoga. Ukienda Matema kuogelea Ziwa Nyasa, lenzi zibaki kwenye mkoba.

Kopo lisuuzwe kwa dawa yake, liachwe likauke, na libadilishwe kila baada ya miezi 3 au mapema. Dawa hizi hazipatikani kila duka la dawa huku, kwa hiyo ukienda Dar nunua za kutosha ukiangalia tarehe ya mwisho, na usisubiri chupa ya mwisho ifike nusu ndipo uanze kuwatafuta watu wa kukupakilia kwenye basi.

Mambo ya huku

Usilale nazo, hata dakika kumi za basi la alfajiri. Wanaosafiri Iringa au Dar wavae wakifika. Jikoni kwenye kuni, vua. Mafinga kwenye mashine za mbao, au ukiwa na fundi wa kuchomelea, vaa miwani ya kukinga juu ya lenzi, maana lenzi haikingi kitu. Kwenye bodaboda vaa miwani ya kawaida isiyo na namba. Kila mwenye lenzi awe na miwani ya akiba, hata kama inampa nusu tu ya kuona, kwa siku jicho litakapogoma.

Mzazi ambaye mtoto wake wa kidato cha pili amevishwa lenzi, mwandikie mwalimu wa darasa barua fupi. Nimeona mwanafunzi akiadhibiwa kwa "kuchezea macho" wakati anarekebisha lenzi. Mwalimu hakujua, na mtoto aliona aibu kusema.

Lini uvue na kwenda hospitali

Jicho jekundu, maumivu, mwanga kuchoma, kuona kupungua, usaha au doa jeupe kwenye konea: vua papo hapo na uende siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Kuna pia tukio ambalo konea ya mwenye keratokonasi hupasuka kwa ndani na kuvimba maji. Jicho huwa jeupe la ukungu ghafla, na kuona hupotea ndani ya saa chache. Nalo ni la kwenda mara moja.

Ukifika zahanati, sentensi yako ya kwanza iwe: "Navaa lenzi, na nina keratokonasi." Wanaona macho mekundu mengi kwa siku, na bila kusema hivyo utapewa mafuta ya macho ya kawaida na kurudishwa nyumbani. Usitie dawa ya kienyeji njiani, wala usikubali matone yenye deksamethasoni kabla jicho halijaangaliwa kwa hadubini ya macho. Omba rufaa. Na ile lenzi usiitupe: ichukue ndani ya kopo lake pamoja na chupa ya dawa, funga kwenye mfuko safi, uende navyo, kwa kuwa maabara inaweza kupima kutoka humo ni kijidudu gani kimeingia.